MGENI ALA CHANGU, MWENYEJI ALA NINI?

Wahenga wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitamka mabarazani, harusini na kwenye mialiko, wala hakuna mtu wa pwani asiyeijua maana yake. Mgeni akibisha hodi, chunguni hutiwa kile kilichokuwa kimewekwa akiba, jirani naye huleta sahani yake, na siku hiyo nyumba nzima hula vizuri kuliko siku nyingine. Leo twapenda kuiuliza methali hiyo swali moja. Mgeni anayefunga safari mpaka kijiji cha mbali kwa ajili ya kula samaki wabichi, mwenyeji wake hupona kweli, au hubaki akinusa harufu ya mchuzi tu?

Swali hili si la mzaha. Zamani safari za namna hii zilikuwa za watalii, wapandishwao mashua asubuhi na kurudishwa hotelini jioni. Siku hizi ni zetu pia. Zikifika siku za Idd au watoto wakifunga shule, jamaa wa Mombasa na Malindi, na hata Waswahili waishio Nairobi, hukodi gari, wakapakia watoto na mabibi, safari ikawa ni Shimoni, Vanga, Ngomeni au Kipini. Sisi twalisifu jambo hili. Mtoto wa pwani aliyelelewa mjini, asiyejua tofauti ya tafi na changu mpaka aandikiwe kwenye kibao cha duka, yafaa apelekwe akaone bahari ya babu zake inavyofanyiwa kazi. Lakini kila ugeni una adabu zake, na huu ugeni wa samaki, kwa maoni yetu, bado haujapata adabu zake. Tuchukue mfano wa kisiwa kimoja kijulikanacho sana kwa chakula cha baharini, nacho ni Wasini.

KISIWA KISICHO NA GARI

Msafiri atokaye Mombasa huvuka Likoni kwa feri, au hupita barabara mpya ya Dongo Kundu, akaelekea kusini. Hupita Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha huiacha barabara kuu iendayo Lunga Lunga, akakata kushoto mpaka Shimoni, yapata kilomita 75 kutoka Mombasa. Shimoni ndipo penye mapango yaliyoupa mji jina lake. Hapo gari huachwa, maana barabara imekwisha. Mbele ni mlango wa bahari, na ng'ambo yake kimelala kisiwa cha Wasini, kirefu na chembamba, chenye vijiji viwili vijulikanavyo zaidi: Wasini upande wa magharibi na Mkwiro upande wa mashariki.

Wenyeji wake ni Wavumba, ndugu wa watu wa Vanga na Jimbo, wenye lahaja yao ya Kivumba. Asili yao inafungamana na Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa karibu na ulipo mpaka wa Tanzania leo, uliotawaliwa na madiwani. Kwa hiyo mgeni asidhani kwamba ameingia mahali pasipo na historia kwa sababu tu haoni gari wala lami. Hiki ni kisiwa chenye misikiti, makaburi ya kale na nasaba zinazotajwa mpaka kizazi cha mbali. Ardhi yake ni mwamba wa matumbawe, haina mto, na kwa vizazi vingi watu wameishi kwa kukinga maji ya mvua mabirikani. Kilimo ni kidogo. Riziki, tangu zamani, ni bahari.

UTAMU WAKE WATOKA WAPI?

Mtu akila samaki huko kwa mara ya kwanza, husema: huyu si samaki ninayemjua. Naye hakosei. Samaki aliyetolewa katika lema alfajiri, akapaliwa magamba saa nne, na kuwekwa juu ya makaa kabla ya adhuhuri, si sawa na yule aliyelala siku tatu barafuni kabla ya kufika sokoni. Nyama yake hukaza, haina shombo, na haihitaji viungo vingi kuifichia aibu. Chumvi, ndimu, kitunguu thaumu na pilipili vyamtosha. Akitaka kupakwa, hupakwa tui zito la nazi lililotiwa ukwaju na bizari, likirudiwa tena na tena juu ya moto mpaka likashika. Pembeni huja wali wa nazi, na pengine mboga ya pwani, ile mimea minene yenye chumvi iotayo ukingoni mwa bahari, ambayo akina mama wa Wasini wameipa heshima mezani.

Kila samaki ana wakati wake. Tafi, changu na pono hutoka miambani kwa malema na mishipi. Pweza hutafutwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba ukaachwa wazi. Nguru na kolekole hufuatwa nje, kwenye maji ya kina, na hao hutaka chombo imara na upepo mwema. Kaskazi ikivuma, kati ya Novemba na Machi, bahari hutulia na vyombo huenda mbali. Huo ndio wakati ambao wavuvi wa Pemba nao huja dago katika pwani hizi. Kusi ikishika, bahari huchafuka, na mwenye mtumbwi mdogo hukaa ndani ya mwamba au hukaa nyumbani. Basi aendaye Wasini mwezi wa Juni akadai nguru mkubwa kama ule aliosimuliwa na mwenziwe aliyekwenda Januari, anadai kitu ambacho bahari haikukitoa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Huu ubichi wa samaki tunaousifu, ukiangaliwa vizuri, una pande mbili. Kwa mgeni ni utamu. Kwa mvuvi ni haraka. Samaki wa kijijini ni mbichi kwa sababu mvuvi hana pa kumhifadhi. Hana barafu ya kutosha, wala chumba cha baridi, wala gari lake mwenyewe la kumfikisha sokoni. Akitia nanga saa tatu, ana saa chache za kuuza. Zikipita, samaki ataharibika, au atapasuliwa, atiwe chumvi na kuanikwa awe ng'onda, kwa bei iliyo chini. Yeyote asimamaye ufuoni na sanduku la barafu na noti mkononi, huyo ndiye mwenye kauli.

NANI AUZA NA NANI APANGA BEI

Katika fuo zetu za kusini kuna watu wawili ambao kila mvuvi huwajua. Wa kwanza ni tajiri. Huyu ndiye mwenye chombo, au mwenye mashine, au aliyemkopesha mvuvi fedha za nyavu na mafuta. Samaki wakubwa na wazuri ni wake kwanza, nao huenda mahotelini na mijini. Wa pili ni mama karanga, yule mama anunuaye samaki wadogo, akawakaanga na kuwauza mtaani ili watoto wapate kitoweo na yeye apate karo. Mashindano yakizidi ufuoni, wa kwanza kuumia ni mama karanga, na nyuma yake ni jirani ambaye mboga yake ya jioni ilikuwa hapo karaini.

Hatusemi kwamba kila tajiri ni dhalimu. Wengi wao ni watoto wa vijiji hivyo hivyo, na lau si wao, vyombo vingi visingalipata injini. Lakini mkopo ambao sharti lake ni mvuvi kumuuzia mkopeshaji peke yake, kwa bei aitakayo mkopeshaji, ni mkopo wa kutazamwa mara mbili. Sisi ni Waislamu, na mambo haya hayakuachwa bila ya mwongozo. Wanazuoni wametuonya tangu zamani juu ya deni linalomvutia mkopeshaji manufaa, kwani huo ni mlango wa riba. Vitabu vya fiqhi, vinapofafanua biashara ya kubahatisha, hutoa mfano wa samaki aliye bado majini: huyo hauzwi, kwa sababu muuzaji hajammiliki na mnunuzi hajui anunuacho. Tena Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka kwenda kuwapokea wenye bidhaa njiani na kununua kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Mvuvi wa Wasini asiyejua samaki wake atauzwa kwa kiasi gani mezani Diani, ana tofauti gani na yule mwenye msafara aliyepokewa njiani?

Nasi wageni tunaokwenda kula tusijitoe. Tunapofika na magari yetu tukambishia mvuvi shilingi hamsini, huku hotelini tungelipa mara tano bila ya kuuliza, tumejiunga na safu ile ile. Kubishania bei si haramu, na soko lisilo na maneno halina ladha. Lakini kuna kubishana na kuna kumkamua mtu kwa kuwa twaona jua limepanda na samaki wake haungoji.

BAHARI ILIYOFUNGWA NA BAHARI ILIYOTUNZWA

Wasini ina habari nyingine ambayo mgeni hana budi kuijua kabla hajaketi mezani. Kusini ya kisiwa hicho viko visiwa vidogo vya Mpunguti na Kisite, vyenye matumbawe yanayosifika. Mwaka 1973 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari mahali hapo, na mwaka 1978 mipaka ikapangwa upya. Kisite, yenye eneo la kilomita za mraba 28, ikafungwa kabisa kwa uvuvi. Mpunguti, kilomita za mraba 11, ikaachiwa uvuvi wa jadi. Kwa mtu wa ofisini hiyo ni ramani. Kwa mzee wa Wasini, hapo palikuwa ni shamba lake la urithi, na siku moja aliambiwa asitie tena lema lake humo.

Watalii wakaja. Huwaona pomboo, huogelea juu ya matumbawe, kisha huletwa kisiwani kula. Ada ya hifadhi hulipwa serikalini, na fedha za mashua na za chakula, kwa miaka mingi, zimekuwa zikipita zaidi mikononi mwa wenye makampuni ya safari kuliko mikononi mwa wavuvi. Ndiyo maana manung'uniko hayakukosekana.

Hata hivyo, haki itendeke pande zote. Mahali palipofungwa samaki huzaliana, wakakua, na wengine wakatoka nje ya mpaka mpaka penye malema ya wavuvi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kali na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa, watu waliona wazi kwamba mwamba nao ni kiumbe, na ukifa samaki hana nyumba. Tangu hapo wavuvi wenyewe, bila ya kusukumwa, wameanza kutenga sehemu za bahari na kuzipumzisha. Kuruwitu, katika Kilifi, ndiyo iliyotangulia, mwaka 2005, na neno tengefu limekuwa maarufu katika fuo nyingi. Wasini nao wana sehemu yao, nao hushirikiana na wataalamu kupandikiza matumbawe.

Tofauti iko wapi kati ya hifadhi ya 1973 na tengefu? Tofauti ni nani aliyeulizwa. Mtu akiulizwa, hufunga kwa mkono wake na kulinda kwa jicho lake. Asipoulizwa, hata jambo jema huliona ni dhuluma.

Mfano mwingine mwema uko nyuma ya kijiji cha Wasini, kwenye matumbawe ya kale yaliyobaki juu ya nchi kavu, yenye maumbo ya ajabu. Akina mama wa kijiji walijenga njia ya mbao juu yake, kupita katika mikoko, nao humtoza mgeni ada ndogo. Fedha hizo huingia katika mfuko wa kikundi chao. Hapo methali ya wahenga imesimama kwa miguu yake miwili: mgeni ameona, na mwenyeji amepona.

ADABU ZA MGENI

Tunasema basi kwamba mtu anayekwenda kula samaki kijijini afuate adabu chache, ambazo si ngeni kwetu.

Ale kilichotoka siku hiyo. Kijiji si hoteli yenye karatasi ya kuchagulia. Kama ni tafi, ale tafi na ashukuru. Anayeng'ang'ania kamba mawe wakati si wake humlazimisha mvuvi kwenda mahali pasipofaa au kuchukua asichopaswa kuchukua. Kamba mwenye mayai hurudishwa majini. Samaki ambaye hajafika ukubwa wa kuzaa asinunuliwe hata akiuzwa rahisi, maana juya linalokokota vitoto vya samaki lilipigwa marufuku na serikali mwaka 2001, lakini marufuku haina nguvu ikiwa mnunuzi yupo. Nyama ya kasa, hata ukinong'onezwa kwamba ipo, ikatae.

Anunue kwa aliyevua, au kwa mama aliyepika, na alipe bei ambayo angeona haya kuificha. Akitaka kuchukua samaki wa kupeleka mjini, aulize kwanza kama kijiji kimepata kitoweo. Wazee wetu walikuwa na desturi kwamba chombo kikifika, jirani, mjane na mgonjwa wapate mkono wao kabla ya mzani kutolewa. Mgeni asiwe ndiye wa kuivunja.

Avae kama aendaye kwa watu. Yasikitisha kuona kijana wa Kiislamu, aliyelelewa vyema, akifika kisiwani akavua shati na kupita mbele ya msikiti kwa kuwa watalii hufanya hivyo. Asipige picha akina mama wakiwa kazini bila ya idhini. Ikiwa ni Ijumaa, ajue kwamba wavuvi wengi hawaendi baharini, na chakula kitangoja sala. Katika jambo la kaa, ambaye watalii humpenda sana huko, wanazuoni wamekhitilafiana, na katika madhehebu yetu ya Shafi wako wengi wasiomla. Basi mwenye kula asimcheke asiyekula, na mwenyeji asionekane mshamba kwa kuandaa changu tu.

Na takataka zake arudi nazo. Kisiwa hakina gari la kuzoa taka, na chupa ya plastiki iliyotupwa ufuoni leo itakutwa ndani ya lema kesho.

WAKUBWA NAO WASIKIE

Baadhi ya wazee hutwambia kwamba ni bora wageni wasije kabisa, kwani huharibu watoto na kupandisha bei ya mboga. Twaielewa hofu yao, lakini hatukubaliani nayo. Kijana wa Wasini asiyeona faida katika bahari atauza mtumbwi wa babake na kuja kutafuta kazi Mombasa, na huenda asiipate. Mgeni mwenye adabu ni soko lililokuja mlangoni. Lililobaki ni soko hilo lipangwe.

Kupangwa huko si mzigo wa wageni peke yao. Vikundi vya usimamizi wa fuo, viitwavyo BMU, vimekuwa na kanuni zake tangu mwaka 2007, na katika fuo nyingi ndivyo vinavyoandika kila kilo inayotoka majini. Vipewe mizani iliyo sahihi, na bei za mijini zitangazwe ufuoni kila asubuhi ili mvuvi ajue anachokishika mkononi. Barafu ipatikane, maana mvuvi mwenye barafu anaweza kusema "sitaki" na kungoja bei nyingine. Kazi ya bandari ya uvuvi katika Shimoni, iliyoanza miaka hii ya 2020, imeleta matumaini makubwa. Twasema mapema: bandari itakayopokea meli kubwa na kumsahau mwenye ngalawa itakuwa ni Kisite ya pili, iliyochorwa ofisini bila ya mwenyewe kuulizwa. Nayo misikiti yetu, ambayo hukusanya zaka na sadaka kila Ramadhani, ingefanya jambo kubwa kama ingetenga fungu la qardhi hasan, mkopo usio na nyongeza, kwa ajili ya nyavu na injini. Mvuvi aliyekopeshwa na jamaa zake kwa ajili ya Mungu hana haja ya kuuza samaki kabla hajamvua.

Basi ewe msomaji, Idd ikifika na watoto wakikuomba uwapeleke kula samaki, wapeleke. Waonyeshe mtumbwi na lema, wajue jina la kila samaki kwa Kiswahili chake. Kisha, kabla hamjanawa mikono kuanza kula, muulize yule mama aliyewapikia: leo nyumbani kwako mtakula nini? Akijibu kwamba na wao watakula samaki kama nyinyi, kuleni kwa bismillahi, na mkishiba mshukuru. Akinyamaza, ujue kwamba bei uliyolipa haijatimia.